Pumzi za Kulwa

"Wa kwanza namsikia vizuri," Mitesh alisema, kichwa amekiinamishia spika kama mkunga anayesikiliza tumbo. "Huyu wa pili ndiye ananisumbua. Dada Doto, huyu mtu hapumui."

Nilikuwa na mkasi mkononi. Nikauweka mezani taratibu, kwa usalama wa wote.

"Hapumui namna gani?"

"Anamaliza mstari, anaingia mwingine. Anamaliza, anaingia mwingine. Hakuna mahali anapovuta hewa. Hata treni ikifika Kigwa inasimama ikapumzika, sembuse mtu? Sikiliza hapa." Akaurudisha wimbo nyuma kidogo. "Umeona? Na hapa tena. Sauti ni ya mtu, lakini mtu mwenyewe..."

Uso ulimshuka, nikajua amekumbuka.

"Dada, nisamehe. Sikukusudia."

"Usihofu. Hapumui tangu mvua za kwanza. Wewe ndiye umechelewa kupata habari."

Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyo. Mdomo wangu hutangulia, moyo hufuata nyuma ukiburuta ndala. Mitesh hakucheka, na mimi sikucheka, na wimbo ukaendelea kuimba peke yake mle stoo ya nyuma, katikati ya majora ya vitambaa, sauti mbili zinazofanana zikitamka maneno yale yale kwa wakati ule ule.

Mimi nashona kwenye baraza ya duka la vitambaa la mzee Premji, hapa Tabora mjini. Mteja ananunua kitambaa ndani, anatoka nje ananikuta na cherehani yangu, hana pa kukimbilia. Mitesh ni mtoto wa mzee Premji, ndiye anayeendesha duka sasa. Anapiga kinanda hekaluni kwao, na nyimbo zao za ibada anazirekodi mwenyewe mle stoo, kwa zile spika mbili nyeusi ambazo mkewe Janvi anasema amezioa kabla yake. Ndiyo maana nilimpelekea yeye. Nilitaka mtu mwenye masikio, aniambie kazi yangu imesimama au imelala.

Huyo wa pili asiyepumua ni Kulwa, pacha wangu. Alizaliwa kabla yangu na amekufa kabla yangu. Foleni hata moja hakuwahi kuniachia.

Moyo wake ulikuwa umetanuka. Madaktari walimwambia asipande ngazi, asibebe ndoo, asikasirike, na mimi nikamwambia hilo la mwisho litatushinda wote. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Kuluthumu, mwalimu wa chekechea kule Urambo. Baba wa mtoto alikwenda Mpanda kutafuta dhahabu, nadhani dhahabu ndiyo iliyompata yeye, maana hakuonekana tena. Kuluthumu alipoletewa posa na kijana aitwaye Rashidi, Kulwa alifurahi siku nzima. Kulipokucha akaniita.

"Doto, ile kitchen pati yake. Mama mzazi anatakiwa asimame amwambie mwanawe neno."

"Utasimama."

"Usinidanganye, tumelala tumbo moja. Mimi maneno yangu nitayaimba. Nirekodi. Nisipofika, angalau nifike."

Tukamrekodi chumbani kwangu, Isevya. Tuliegemeza godoro dirishani, tukatundika vitenge kuta zote mpaka chumba kikawa kama tumbo la mkoba, tukazima friji, na jogoo wa jirani tukamfunikia tenga. Kulwa aliketi kitandani, mito mitatu mgongoni, maiki ya kichina mbele ya kinywa. Wimbo ulikuwa ule wa bibi yetu wa Kigwa, ila maneno alitunga yeye:

*Nenda mwanangu, nenda,*
*mlango sikuufunga.*
*Ukichoka njiani keti,*
*ukikumbuka kwetu imba.*

Aliimba kwa shida. Kila mstari ulikuwa na mlima wake. Alivuta hewa kwa sauti, kama mtu anayenyonya supu ya moto, akaimba, akahema, akaimba. Mwisho akanuna kwamba amechafua wimbo. Nikamwambia tutausafisha. Hatukupata wasaa wa kuusafisha pamoja.

Nilipomaliza eda ya machozi niliingia chumba kile kile, vitenge bado vinaning'inia, nikaimba maneno yale yale juu ya sauti yake. Tangu utoto tuliimba hivyo kwenye maharusi, midomo miwili, wimbo mmoja, watu wanashangaa. Ngoma niliipiga kwa viganja kwenye meza ya cherehani. Kisha nikakaa na simu, katika ile programu ya kurekodia, ambayo kila sauti ina mstari wake na kila mstari una kijiti cha kupandisha na kushusha. Sauti yangu ilikuwa nene, imeshiba. Ya Kulwa ilikuwa nyembamba. Nikaivuta juu, nikaivuta, mpaka vilima vya sauti yake kwenye kioo cha simu vikalingana na vyangu. Halafu zile pumzi. Nilizikata moja moja. Fundi akimaliza gauni hukata nyuzi zinazoning'inia. Nguo haiendi kwa mwenyewe na nyuzi zake. Ndivyo nilivyofikiri. Na kusema kweli nilikuwa siwezi kuzisikiliza.

Nikaona nimemtendea haki. Sawa kwa sawa.

Hilo la sawa kwa sawa, asiyezaliwa pacha hawezi kulielewa. Kwetu mapacha hawapunjwi. Ukimpa mmoja zaidi, mwingine anaugua. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa, na mama yetu, Bi Mwanne, aliisimamia sheria hiyo kuliko serikali inavyosimamia zake. Yai likiwa moja, linakatwa kwa uzi. Kulwa akichapwa shuleni, nyumbani nachapwa mimi, nisije nikapungukiwa. Alipougua malaria tukanyweshwa klorokwini wote wawili, nikajikuna kama mbwa wa sokoni na homa sina. Magauni yetu yalikatwa kwa kipimo kimoja hata pale mmoja aliponenepa. Sitataja nani.

Basi kurudi stoo. Mlango ulifunguka, akaingia Mama Maniben, mama yake Mitesh, na kikombe chake cha chai ya tangawizi. Anatembea polepole siku hizi, ila masikio yake hayajazeeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Doto. Nimesikia toka kaunta. Nani hao wanasukumana?"

"Hakuna anayesukumana, mama. Ni mimi na marehemu."

Akaketi juu ya jora la kitambaa cha sare, akasikiliza wimbo wote toka mwanzo, macho amefumba. Ulipokwisha akanywa chai kwanza.

"Wimbo mzuri. Lakini mlango mmoja, wanene wawili, wote wanataka kupita pamoja. Mimi niko nje nasubiri mgeni, naona mabega tu."

"Mama, mnene hapa ni mmoja."

"Basi huyo ashuke," akasema, wala hakutabasamu.

Mitesh naye akapata nguvu. "Ndicho ninachosema, dada. Mmoja akae mbele, mmoja akae nyuma yake. Yeyote. Wewe chagua, mimi nitakusaidia kuvuta vijiti."

"Kwetu hakuna kuchagua," nikamwambia, nikachomoa simu yangu kwenye waya wake. Nilitoka pale nimekasirika. Nikashona suruali ya mtu nikageuza mfuko nje ndani, nikafumua, nikashona tena. Wahindi hawa, nikasema moyoni, wanajua nini habari za Kulwa na Doto? Nyimbo zao wenyewe zinazunguka kama feni.

Lakini neno lilikuwa limeshaingia. Hapumui.

Siku mbili tatu mbele Kuluthumu alikuja kutoka Urambo kupima gauni la kitchen pati. Alikuwa amekonda. Mabegani alikuwa mama yake mtupu. Nilipopitisha futi ya kupimia mgongoni kwake ilibidi nigeukie ukutani nijidai natafuta pini.

"Mama mdogo, ule wimbo umekamilika?"

"Umekamilika."

"Nisikie basi."

"Utausikia ukumbini na wenzako."

"Sitaki kuusikia mara ya kwanza mbele ya watu wakaniona ninavyolia. Tafadhali."

Hakuwa na habari kwamba nimeshaambiwa una kasoro. Nikamtilia spika za masikioni, nikabonyeza, nikajifanya napinda ukosi wa mtu mwingine. Nilimtazama kwa pembe ya jicho. Nilitarajia machozi. Nilikuwa nimeweka khanga karibu kwa ajili hiyo.

Akasikiliza mstari wa kwanza amekaza uso. Wa pili. Akabonyeza spika ndani zaidi kwa vidole. Akafumba macho. Akayafumbua. Alikuwa kama mtu aliyeingia sokoni kumtafuta mtu, anageuza uso huku na huku. Wimbo ukaisha.

"Umeimba vizuri, mama mdogo," akasema. Akavua zile spika, akaukunja waya wake kwa uangalifu. "Na mama anaingia wapi?"

"Kuingia wapi tena? Si ndiye huyo. Nyinyi wawili... sisi wawili, toka mwanzo."

Akanitazama.

"Nilidhani umejirekodi mara mbili."

Nilimwona akijitahidi asiniumize, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Akaniomba arudie. Akasikiliza tena, na mwisho akatikisa kichwa. "Labda pale pa *ukichoka njiani*. Labda. Sina uhakika." Kisha akasema, kwa sauti ya chini, si ya kulaumu, ya mtu anayesema jambo alilokuwa analiogopa: "Nimeanza kuisahau sauti yake, mama mdogo. Nilitegemea hapa ndipo nitaikuta."

Simu yake Kulwa iliibwa hospitali, na meseji zote za sauti zikaondoka nayo. Hakukuwa na mahali pengine. Yaani mtoto alikuwa na sehemu moja tu duniani ya kumsikia mama yake, na mimi sehemu hiyo nimeijaza mwili wangu.

Nilifunga cherehani mapema nikaenda nyumbani.

Mama alikuwa uani, ungo mapajani, anachambua mchele. Ana desturi moja ambayo sijathubutu kumkataza: chakula cha jioni bado anapakua sahani mbili za mapacha, moja naila, nyingine anaifunika, asubuhi anawapa watoto wa jirani. Wimbo wenyewe alikuwa amekataa kuusikia tangu mwanzo. Alisema Kulwa amemsikia vya kutosha akiwa hai, na nusu ya hayo ilikuwa ni kumbishia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umerudi mapema, unaumwa?"

"Siumwi. Nataka usikie kitu."

"Nimeshasema."

"Kuluthumu amesikia, hakumtambua mama yake."

Mikono ikasimama juu ya ungo. Hakuniuliza mara mbili. Akafuta viganja kwenye khanga, nikamwekea simu juu ya kinu, bila spika za masikioni, maana anasema zinamtekenya. Akasikiliza. Wimbo ulipofika katikati akaanza kutikisa kichwa, nikadhani ni majonzi. Kumbe alikuwa anakataa.

"Nani kawafundisha kuuimba hivi?"

"Vipi?"

"Wote kwa pamoja. Huu ni wimbo wa mizigo, Doto. Babu yangu aliuimba na furushi kichwani, toka hapa mpaka pwani, na njia yenyewe upana wake ni mguu. Hampiti wawili sambamba. Mmoja anakwenda mbele anautoa, walio nyuma wanaupokea. Nyuma kabisa kuna mtu hamwoni aliye mbele, anamfuata kwa sauti tu. Mkiutoa wote, huyo wa nyuma atafuata nini? Ataingia porini."

"Basi ndivyo alivyoingia Kuluthumu," nikasema.

Akauvuta ungo karibu. Nikachukua nafasi hiyo kabla haijafungwa.

"Mama, nataka nijishushe. Kulwa akae mbele, mimi niwe nyuma kabisa, nisikike kama mtu wa chumba cha pili."

"Hapana."

"Wewe mwenyewe umesema mmoja—"

"Nimesema wimbo. Sikusema nyinyi. Nyinyi hampunjwi. Nimewalea kwa mizani toka siku ya kwanza, wote mkafika utu uzima, watu walisema hamtafika. Leo nimebaki na mmoja unataka nimpunje?" Sauti ilimpanda. "Anayepunjwa anaugua!"

"Mama, anayepunjwa ni mimi. Mimi niko hai. Nikiugua nitakwenda zahanati."

Sikukusudia mzaha. Ulitoka wenyewe, kama kawaida. Mama alikaza midomo, na ghafla akacheka, kicheko kifupi kibaya, na ndani ya kicheko hicho hicho akaanza kulia. Msibani hakulia. Alisimamia sufuria, akapokea wageni, akagombana na wachimba kaburi. Wote tukasema Bi Mwanne ni chuma. Sasa analia juu ya mchele, na mimi niko pale nimepiga magoti kama mgeni, sijui niushike ungo au nimshike yeye. Nikaushika ungo. Angenisema sana kama mchele ungemwagika.

Alipotulia alijifuta kwa pembe ya khanga, akaanza kuchambua tena, punje kwa punje, haniangalii.

"Kwenye hiyo pati," akasema, "nani anakaa kiti cha mama?"

Tulikuwa tumeshakubaliana, mimi na yeye, siku nyingi. Kiti kitabaki wazi, kitafunikwa khanga ya Kulwa, mimi nitakaa chini mkekani pamoja na shangazi wengine. Kwa sababu Kulwa hayupo kukikalia, na mimi nikikikalia peke yangu nitakuwa nimempita.

"Hakuna anayekaa, mama. Si tulisema."

"Kulwa achukue wimbo," mama akasema. "Wewe chukua kiti."

"Mama—"

"Kila mtu ana chake. Atakayekuja kuniuliza, nitamwonyesha mizani. Nenda kaufumue huo wimbo wako, unanisikia? Na hivyo vitu alivyokuwa akivuta, mbona sivisikii? Mwanangu alikuwa anahema."

"Nilivikata."

"Virudishe."

Rekodi ya kwanza, ile ghafi, ilikuwa bado imo kwenye simu. Sikuwahi kupata ujasiri wa kuifuta. Kesho yake nilifika dukani kabla ya wateja, nikamkuta Mitesh anafungua makufuli. Nikamwambia nimekuja kuchagua. Hakusema "nilikwambia", na kwa hilo nitamshonea shati bure siku moja, ila hajui.

Tulikaa stoo asubuhi yote, nje watu wanamuulizia fundi, Mama Maniben anawajibu fundi yuko kazini. Nilizirudisha pumzi moja baada ya nyingine mahali zilipotoka. Kufumua ni kazi kuliko kushona, kila fundi anajua. Lazima ufuate tundu zile zile za sindano. Ile ya kabla ya mstari wa kwanza ilikuwa ndefu kuliko zote. Kulwa alikuwa amejikusanya. Ndani yake ulisikia mito ikikwaruzana, na shanga za mkononi zikigonga kitu, na kwa mbali sana jogoo ndani ya tenga akilalamika.

"Huyo kuku tumtoe?" Mitesh akauliza.

"Mwache. Alikuwepo."

Sauti ya Kulwa sikuivuta juu tena. Niliishusha yangu. Ni kitu kigeni kuona kijiti chenye jina lako kinateremka, na mkono unaokiteremsha ni wako. Niliposhuka nusu, sauti yake ikaanza kuonekana kando kando. Niliposhuka zaidi akasimama mwenyewe, na ule mkwaruzo, na ule uzito wa mwisho wa neno aliokuwa nao toka tukiwa wadogo, kwamba *imba* yake huwa kama mtu anaweka kitu mezani. Mimi sina huo. Nilikuwa nimeimba naye miaka yote nikidhani tuko sawa.

"Ushuke zaidi?" Mitesh akauliza.

"Bado kidogo. Hapo. Hapo ndipo mtu wa nyuma."

Akaupiga wimbo wote. Mama Maniben aliingia katikati, akasimama mlangoni na kikombe, hakukaa. Mwisho akasema neno moja tu kwa Kigujarati, Mitesh hakulitafsiri na mimi sikuuliza. Alikuwa amefunika mdomo kwa ncha ya sari.

Kitchen pati ilikuwa Jumamosi alasiri. Ukumbi ulipambwa zambarau, mshereheshaji alikuwa Theodora, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha mji, anayejua kumfanya hata mjane wa jana acheze. Shangazi walinitazama nilipopita mkekani nikaenda kukaa kitini. Mmoja akaanza kufungua mdomo, mama, aliyekuwa karibu yake, akamwambia, "Kunywa soda yako." Nikakaa. Kiti kilikuwa laini mno, nilijiona kama keki.

Theodora alicheza michezo yake yote. Zawadi zikaja na vigelegele, masufuria, majungu, blenda ambayo aliyeileta alizunguka nayo kichwani kama taji. Kisha akasema kwa sauti tofauti kidogo, maana nilikuwa nimemweleza: "Sasa mama mzazi atazungumza na mwanawe."

Wanawake wakaweka soda chini. Kuluthumu alikuwa jukwaani katika gauni nililomshonea, macho chini, kama mwali anavyotakiwa. Alijiandaa, nilimwona. Alijiandaa kwa ule wimbo aliokwisha kuusikia, wa mama mdogo mara mbili. Sikuwa nimemwambia kitu. Nilihofu kumwahidi mara ya pili.

Spika zilikoroma kidogo. Halafu, kabla ya neno lolote, ikaja ile pumzi. Ndefu, ya kukwama, kama mtu anayepanda ngazi asizoruhusiwa.

Kuluthumu aliinua kichwa.

Hakungoja maneno. Alishuka jukwaani na gauni lake lote, huku Theodora akimtolea macho, akapita katikati ya meza mpaka kwenye ile spika kubwa ya kushoto. Akasimama mbele yake, karibu, karibu mno, sauti ile ingeweza kumuumiza masikio. *Nenda mwanangu, nenda.* Akaweka kiganja kwenye wavu wa spika na kukiacha hapo. *Mlango sikuufunga.* Hakuna aliyepiga kigelegele. Hata watoto waliokuwa wanagombania puto walisimama.

Mimi nilikuwa kitini, mikono magotini. Nilijisikia mwenyewe kule nyuma, mbali, nikipokea kila alichotoa, na midomo yangu ilikuwa inataka kuimba nami nikaibana. Kazi yangu ilikuwa kukaa. Sikujua kwamba kukaa ni kazi nzito namna ile. Mama upande wa pili alikuwa ameinamisha kichwa, anahesabu kitu kwa vidole, sijui mistari, sijui pumzi.

*Ukikumbuka kwetu imba.* Kulwa akaliweka lile neno mezani. Wimbo ukakatika.

Kuluthumu hakuondoa mkono. Alingoja. Ukumbi mzima ukangoja naye, hata Theodora na maiki yake. Alipoona hakuna kinachokuja tena, Kuluthumu aligeuka, akaja mpaka kwenye kiti changu, akapiga magoti, kilemba kimepinda, wanja umeteremka mpaka kidevuni.

"Imeisha?"

"Imeisha, mwanangu."

"Hakusema kitu kingine? Baada ya hapo? Hakusema chochote?"

Kipande cha baada ya hapo tulikuwa tumekikata mimi na Mitesh, kwa sababu hakikuwa wimbo. Ningeweza kumwambia hapana. Ningeweza hata kumtungia kitu kizuri. Watu wangeliona la kufaa, na mimi maneno sijawahi kukosa.

"Alisema," nikamwambia. "Alisema, 'Basi, Doto. Zima. Nimechoka.'"

Alinitazama kana kwamba analionja lile neno. Kisha akalaza kichwa mapajani mwangu, kilemba na vyote, mbele ya wageni, na mabega yakaanza kutikisika. Nikaweka mkono juu ya mgongo wake, pale nilipopitisha futi. Ulikuwa unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, na Theodora, Mungu ambariki, akawaambia watu wasipige makofi.